Kwa Mheshimiwa Anayehusika: Ombi la Unyenyekevu Kutoka Malaba

Mheshimiwa Anayehusika, Mtukufu, Mpendwa Wetu, Mgeni wa Heshima wa Kudumu, Mkata Tepe, Mweka Mawe ya Msingi na Mlezi wa Vikundi Vyote Vilivyosajiliwa na Visivyosajiliwa,

Shikamoo. Najua nimekuzidi umri, lakini shikamoo ya siku hizi haihesabu miaka, huhesabu magari, na wewe ulikuja kwetu na magari ambayo watoto wa chekechea walishindwa kuyahesabu hadi mwisho. Mulembe kutoka kwa watu wa Busia, Matayos na Nambale. Yoga noi kutoka kwetu sisi wa Teso Kaskazini. Itifaki zote zikiwa zimezingatiwa, na ambazo sikuzijua zikiwa zimezingatiwa pia, naomba ruhusa ya kusema.

Mimi ni fundi wa redio na simu hapa Malaba, upande wa Kenya. Kibanda changu kiko kando ya barabara kuu, pale ambapo matrela ya kwenda Kampala husimama foleni na madereva huleta simu zao kuchajiwa. Nakuandikia kwa kivuli cha Ibara ya 37 ya Katiba ya mwaka 2010, inayomruhusu kila mtu kuwasilisha ombi kwa wenye mamlaka, mradi afanye hivyo kwa amani na bila silaha. Silaha sina. Nina pasi ya kulehemu, nayo ni baridi, maana stima imepotea tangu asubuhi.

Utanisamehe kwa kutokutaja cheo chako. Nimekitafuta kwa bidii. Nilipouliza ni nani anayehusika na klabu ya roboti ya wasichana katika sekondari msingi, ofisi ya kwanza ilinielekeza ya pili, ya pili ikanipeleka ya tatu, na ya tatu ikanirudisha ya kwanza, ambako karani alinipokea kwa ukarimu mkubwa kana kwamba hatujawahi kuonana. Ndipo nikafahamu kwamba Anayehusika ni mtu mkubwa kiasi kwamba hawezi kuwa na mlango. Kwa hiyo nimeona niandike barua isiyo na bahasha. Najua hutaisoma wewe mwenyewe, na sitathubutu kukuomba uisome. Namwandikia msaidizi wa msaidizi wako, kijana ambaye huenda ana dada.

Mheshimiwa, niruhusu nianze na asili ya jambo, kwa sababu siku ulipotutembelea ratiba yako haikutoa nafasi ya asili.

Mwalimu wa somo la ufundi katika sekondari msingi ya hapa alikuja kibandani kwangu na boksi la viatu. Ndani mlikuwa na waya, magurudumu, mota mbili ndogo za magari ya kuchezea, na nakala ya bodi ya Arduino. Kwa faida ya msaidizi wa msaidizi, Arduino ni bodi ndogo ya elektroniki iliyobuniwa katika mji wa Ivrea, Italia, mwaka 2005, ili wanafunzi wasio na pesa nyingi waweze kuunda vitu vinavyofikiri kidogo. Mwalimu alitaka nimlehemee waya na nimtafutie betri. Nikatoa seli zilizokuwa bado na uhai ndani ya betri ya kipakatalishi kilichokufa. Bei hatukuzungumza. Binti yangu alikuwa gredi ya nane katika shule hiyo, na fundi hawezi kumtoza mwanawe.

Siku ya kwanza wavulana walilizunguka boksi. Wasichana wakajikuta wameshika kalamu, tochi na kitambaa cha kufutia meza. Hakuna aliyeamuru iwe hivyo. Wala hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Ilijipanga yenyewe, jinsi inavyojipanga jikoni na kanisani. Mwalimu akaitazama kwa muda, kisha akafanya jambo ambalo halimo katika mwongozo wowote nilioonyeshwa: akawapa wasichana meza yao, bodi yao, na makosa yao. Hayo makosa, Mheshimiwa, ndiyo yaliyokuwa mali. Kabla ya hapo waya ulipochomoka mvulana aliunyakua akaurudisha. Sasa ulipochomoka ulibaki umechomoka mpaka msichana aujue.

Hawakutaka kuunda roboti ya kucheza dansi. Ni watoto wa Malaba, waliunda trela. Trela hilo lilitakiwa liende mbele, likute kizuizi, lisimame, lisubiri, na kizuizi kikiinuliwa liendelee na safari. Mbele yake walifunga kihisi chenye macho mawili ya bati. Jicho moja hutoa sauti ya mitetemo 40,000 kwa sekunde, ambayo sikio la binadamu halisikii. La pili husubiri mwangwi. Bodi huhesabu muda uliopita, na kutokana na muda hupata umbali. Ni ufundi uleule wa popo wanaowinda wadudu usiku.

Trela likawa linakwenda upande wa kushoto. Meza ya jirani ikashauri magurudumu yakunjwe. Binti yangu akaligeuza miguu juu, akayatazama magurudumu yakizunguka hewani, akagundua kwamba mota ya kushoto ni mzembe kuliko ya kulia. Mota za kuchezea hazizaliwi pacha. Katika bodi ile nguvu ya mota huandikwa kwa namba, kuanzia 0 hadi 255. Akaipunguza namba ya mota ya kulia, akajaribu, akaipunguza tena, akajaribu, mpaka trela likanyooka kwenye sakafu ya darasa kuelekea mlangoni. Kisha akageuka akanitazama. “Baba, kumbe hesabu inasukuma gari?”

Mheshimiwa, hesabu imo nyumbani mwangu tangu mtoto huyo aanze shule, na haikuwahi kuulizwa swali lenye furaha namna hiyo. Jioni alitaka kujua kwa nini redio ina koili. Kesho yake alitaka kujua nani hutengeneza mota, anaishi wapi, alisomea nini. Neno mhandisi lilikuja hapo, likiwa jibu la swali lake mwenyewe. Hakuna aliyembandikia mabango.

Nimeambiwa kwamba jambo hili limepimwa na wenye elimu. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, kule Seattle, Marekani, walichukua watoto 96 wa miaka sita. Baadhi yao wakapewa nafasi ya kuiongoza roboti kwa programu rahisi ya simu. Wasichana waliopewa nafasi hiyo walitoka wakiipenda kazi hiyo na kujiamini kuliko wasichana ambao hawakuipata, na pengo kati yao na wavulana likapungua. Watafiti hawakuwahutubia kuhusu uwezo wa mtoto wa kike. Waliwapa roboti.

Wewe, kwa ukarimu wako, ulitupa hotuba.

Nakushukuru kwa hotuba hiyo. Ilikuwa ndefu, yenye mafunzo, na ilizipita zote nilizowahi kusikia kwa idadi ya mara ambazo neno msichana lilitajwa. Nakushukuru zaidi kwa kumchagua binti yangu, kati ya wasichana wote wa klabu, akushikie mwavuli. Jua lilikuwa kali, na kichwa chako ni mali ya taifa. Kwa kuwa mikono yake ilikuwa na shughuli hiyo tukufu, ilibidi trela liendeshwe na mvulana wa meza ya jirani, ambaye alikuwa na sare mpya. Lilikwenda likasimama kabla ya kugusa kiatu chako. Ulicheka kwa furaha, ukamwuliza, “Wewe ndiye injinia?” Kijana amelelewa vyema, hawezi kumkanusha mkubwa mbele ya kamera. Alisema ndiyo. Picha hiyo imetundikwa ofisini, na ukiitazama kwa makini, pembeni kabisa, utauona mkono wa binti yangu na mpini wa mwavuli. Ulipoondoka mwavuli uliondoka nawe, ingawa ulikuwa wa mwalimu mkuu. Tumeuhesabu kama mchango wetu katika maendeleo.

Nakushukuru pia kwa jiwe la msingi la kituo cha uhandisi cha wasichana. Jina lako limechongwa kwa herufi kubwa na kupakwa dhahabu. Neno wasichana liko chini, mahali ambapo majani yamelifikia. Jiwe halili stima, halihitaji mlinzi, na tangu uliweke halijawahi kuharibika hata mara moja. Mbuzi wa jirani hujikunia pale, na wote ni wazima. Sitaki kuonekana mlalamishi. Ningetaja tu, kama mtu wa kazi za umeme, kwamba nimelikagua pande zote nne na halina tundu la kuchomeka waya.

Na vile vifaa vya klabu ulivyotuahidi! Mheshimiwa, vililetwa kweli, na asiyeshukuru kidogo hata kikubwa hatashukuru. Vilikuja kwenye maboksi yaliyoandikwa Shenzhen, vikapokewa, vikapigwa picha, vikafungiwa ndani ya kabati la chuma ili visiharibiwe na wanafunzi. Mwenye ufunguo alihamishwa kwenda kaunti nyingine kabla ya kukabidhi, na kabati haliwezi kufunguliwa bila yeye kwa sababu orodha ya vilivyomo imo ndani ya kabati. Lakini lina tundu dogo upande wa juu. Wasichana hupanda kwenye dawati, mmoja akamulika kwa tochi ya simu, na kwa zamu huvitazama. Wanasema ni vizuri sana. Bado vina nailoni yake.

Nchi yetu ina uzoefu wa kulinda vifaa dhidi ya wanafunzi, kwa hiyo sisemi hili ni jambo geni. Mwaka 2013 tuliahidiwa vipakatalishi kwa watoto wa darasa la kwanza. Kuanzia mwaka 2016 vilikuja vishikwambi, zaidi ya milioni moja nchi nzima. Watoto waliokuwa na umri wa kuingia darasa la kwanza wakati wa ahadi hiyo leo wamefika umri wa kitambulisho cha taifa. Mwaka 2022 ukaidhinishwa mtaala wa kufundisha uandishi wa programu za kompyuta katika shule zetu za msingi na sekondari. Januari 2026 watoto wa kwanza wa mtaala mpya waliingia gredi ya kumi, na lengo la serikali ni kwamba asilimia 60 yao wafuate mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Nimefurahi sana kwa hiyo asilimia 60. Ni namba kubwa. Ingekuwa ni mota, ningetaka kujua imefungwa kwenye gurudumu gani.

Usidhani, Mheshimiwa, kwamba sisi wa kaunti hii ni wageni wa sayansi. Tumeihudumia kwa miili yetu. Mwaka 1998 watoto wa shule 75 za Busia, zaidi ya 30,000, waliingizwa katika utafiti wa dawa za minyoo. Ikaonekana kwamba watoto wakipewa dawa utoro hupungua kwa robo. Shule zetu zikapimwa kwa vitabu vya kiada, ikaonekana vinawafaa wale waliokuwa mbele tayari, kwa kuwa vimeandikwa kwa Kiingereza ambacho wengi hawakuwa wamekifikia. Zikapimwa kwa chati kubwa za kufunuliwa, ikaonekana chati hizo hupendezesha darasa tu. Jirani zetu wakapimwa kwa sare za bure, ikaonekana msichana mwenye sare hubaki shuleni na huchelewa kupata mtoto. Mwaka 2001 wasichana wa darasa la sita wakawekewa tuzo: atakayeshinda, shilingi 500 kwa karo yake na shilingi 1,000 kwa familia inunue mahitaji ya shule. Alama zikapanda Busia. Zikapanda hata za wavulana, ambao tuzo haikuwahusu kabisa, na walimu nao wakaanza kuonekana shuleni zaidi.

Sisi wa Teso tuliharibu takwimu hizo kidogo. Radi iliua wanafunzi katika shule moja mwaka huo wa 2001, watu wakaihusisha na wafadhili, na wengine wakajitoa. Tangu hapo tumejifunza kutomlaumu mgeni kwa radi, wala kwa giza.

Mmoja wa wataalamu waliokuwa wakituhesabu, Michael Kremer, alipokea Nobeli ya uchumi mwaka 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo. Tulimpongeza kutoka huku. Maana yake, Mheshimiwa, ni kwamba karibu kila kinachomfanya msichana wa kijijini abaki shuleni kimekwisha kupimwa hapa, kikachapishwa, na kikavikwa nishani kule Stockholm. Kilichobaki ni mtu kuleta ufunguo.

Naogopa utasema kwamba wasichana wetu hawajaonyesha nia. Ni hoja nzuri, na kwa kuwa ni yako nimeitafakari kwa magoti. Mwaka 2017 wasichana watano wa Shule ya Upili ya Wasichana ya Kisumu, mwendo wa matatu kutoka Busia, waliunda programu ya simu iitwayo i-Cut ya kuwasaidia wasichana wanaotishiwa kukeketwa. Wakafika California kwenye mashindano ya Technovation wakiwa timu pekee kutoka Afrika, na mwaka 2019 wakawa miongoni mwa waliofika fainali ya Tuzo ya Sakharov ya Bunge la Ulaya. Ng'ambo ya mto wetu, Uganda, Solomon King Benge alianzisha Fundi Bots mwaka 2011, na tangu hapo wanafunzi wengi wa kule wamejifunza sayansi kwa kuunda roboti. Uganda, Mheshimiwa. Napaona nikisimama juu ya kiti.

Mwaka huohuo wa 2017 kulikuwa na mashindano ya roboti ya dunia mjini Washington, na Kenya ilipeleka timu. Lakini mimi, mtu wa mpaka, nilivutiwa na wasichana wa Afghanistan waliotoka Herat. Walisafiri hadi Kabul kuomba viza, wakakataliwa. Wakasafiri tena, wakakataliwa tena. Na vifaa vyao vilizuiliwa kwa muda mrefu kabla ya kuwafikia. Mwishowe waliruhusiwa, wakafika, wakarudi na medali ya fedha ya ujasiri. Niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu kibandani. Vifaa vyetu vilipita bahari, bandari na barabara yote kutoka Mombasa bila kuguswa na mtu. Vikaja kukamatwa na kabati.

Sasa nikaribie ombi langu, maana nasikia kalamu ya msaidizi wa msaidizi ikianza kuchoka.

Nia, Mheshimiwa, si ghali. Ilianzia kwenye boksi la viatu. Kinachonisumbua ni safari kutoka nia hiyo hadi kitivo cha uhandisi, kwa sababu katika mji wetu msichana hapotei kwa siku moja. Kwanza hukosa shule siku ya soko, kwa kuwa mama anahitaji mtu wa kuvusha nyanya. Kisha hukosa mkesha wa soko. Kisha anapata simu, na nyumbani hakuna anayeuliza sana simu imetoka wapi kwa kuwa ndiyo inayopokea pesa za unga. Kisha inasemekana yuko kwa shangazi, upande wa pili. Mwalimu anaandika hayupo, hayupo, hayupo, mpaka ukurasa uishe, halafu anafungua ukurasa mwingine usio na jina lake. Katika muda wote huo hakuna kengele iliyolia mahali popote. Wawili kati ya wasichana wa meza ile ya trela wameondoka kwa njia hiyo. Mmoja ndiye aliyekuwa anajua kusoma kihisi.

Na wakati hayo yakitendeka, mbele ya kibanda changu hupita kontena la mitumba.

Mheshimiwa, niruhusu nilieleze kontena hilo kwa heshima linayostahili. Limefungwa lakiri ya kielektroniki, ambayo madereva huiita sili. Ndani yake mna laini ya simu, betri na kifaa cha kujua mahali lilipo. Tangu mwaka 2017 Kenya, Uganda na Rwanda zinafuatilia mizigo ya transiti kwa mfumo mmoja. Njia ambayo trela linaruhusiwa kupita imechapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Likitoka nje ya njia hiyo, au likisimama mahali lisipotakiwa, au mtu akiigusa sili, watu waliokaa mbele ya skrini Nairobi hujulishwa, na gari la kikosi hutumwa kwenda kulitafuta. Zaidi ya hayo kuna dhamana ya forodha: mzigo usipofika, kuna mtu mwenye jina na akaunti ya benki atakayelipa. Na kule Busia, tarehe 24 Februari 2018, marais wawili, Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni, walifungua kituo cha mpakani cha pamoja ili trela lisilazimike kusimama mara mbili. Marais wawili, kwa ajili ya kuliondolea trela usumbufu.

Binti yangu anawajua madereva kwa sauti za honi zao. Alipoelezwa jinsi sili inavyofanya kazi aliniuliza kama huko Nairobi kuna skrini inayoonyesha ni nani leo hakuja shule. Nilimwambia nitauliza kwa wanaohusika.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu ambao goti langu la kushoto haliwezi tena kuubeba, kwamba wasichana wote wa sekondari msingi katika Malaba na Busia watangazwe katika Gazeti Rasmi kuwa mizigo ya transiti.

Mahali pa kupakiwa paandikwe: gredi ya saba. Mahali pa kushushwa paandikwe: kitivo cha uhandisi, chuo kikuu chochote kitakachokuwa na stima. Njia ichapishwe, ipitie sekondari pevu yenye maabara ambayo mlango wake hufunguka kutoka nje. Msichana akisimama kwa shangazi kupita muda uliowekwa, kengele ilie Nairobi, na gari la kikosi liondoke likiwa na mafuta. Atakayekutwa akijaribu kuivunja sili, awe dereva, awe mjomba, awe mzee wa kijiji mwenye sababu nzuri, ashughulikiwe jinsi anavyoshughulikiwa mwenye kuiba mitumba ya watu. Na dhamana, Mheshimiwa, iwekwe kwa jina lako. Tumeliona jina hilo kwenye jiwe, tunajua linaandikwaje. Kila msichana atakayefika, utarudishiwa fedha zako pamoja na picha. Asiyefika, utalipa. Nina hakika kwamba kwa mpango huu ufunguo wa kabati utapatikana kabla ya Alhamisi.

Binti yangu ameisoma rasimu ya ombi hili na hakufurahi kuitwa mzigo. Nilimweleza kwamba nimezunguka ofisi zote na sijaona cheo kingine kinachopewa heshima hiyo. Amekubali kwa masharti. Anataka sili iwe inafunguka kutoka ndani, na mwenye kuifungua awe msichana mwenyewe. Anataka pia sili hizo ziundwe na klabu yao, kwa sababu ameifikiria betri ya zile za forodha na anaona ingeweza kukaa muda mrefu zaidi kama kifaa kingelala kati ya ishara moja na nyingine. Michoro ameshaanza, nyuma ya nakala ya hotuba yako. Karatasi ni nzuri, nzito, na upande mmoja ulikuwa mtupu.

Iwapo Gazeti Rasmi limejaa na nafasi ya transiti haipatikani, basi tunaomba wasichana hawa wasajiliwe kama mahindi. Machi 2021 mahindi ya Uganda yalipigwa marufuku kwa ajili ya sumu ya kuvu, matrela yakasimama hapa kwetu, wakubwa wa pande zote wakapaza sauti, na hata wiki haikuisha kabla masharti ya kuyapitisha hayajatangazwa. Wetu wako tayari kupimwa unyevu.

Nabaki, Mheshimiwa, mtiifu wako wa chini kabisa,

Fundi wa Redio na Simu,
Malaba.